Shehena ya Kudha: Kuchagua Kompyuta ya Mpakato Unapohama Mfumo

Mvuvi wa Kudha, kile kisiwa cha Wabajuni kilicho kusini ya Kismayu, anapotaka kubadili chombo hatangulizi kutazama rangi ya mbao. Hutanguliza kuuliza kitabeba nini, kitapita katika maji ya kina gani, na siku kitakapovuja fundi atapatikana wapi. Wabajuni ndio waliosifika zamani kwa mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya kupigwa misumari, vikiendeshwa kwa tanga la mkeka. Mitepe ilipokwisha kupisha majahazi ya misumari na matanga ya nguo, bahari haikubadilika, wala boriti za mikoko zilizokuwa zikipakiwa hazikubadilika. Kilichobadilika ni chombo, na fundi wa kushona ilimpasa ajifunze kazi upya.

Swali la namna hiyo limekwisha kuingia majumbani. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo wake wa Windows 10, uliokuwa ukiendesha kompyuta nyingi sana duniani tangu mwaka 2015. Walioandikisha mashine zao za nyumbani waliongezewa muda hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kompyuta hizo hazikuzimika siku ile. Ziliendelea kuwaka, kuandika na kucheza muziki kama jana yake. Ila tundu lolote linalogunduliwa na wezi wa mitandao baada ya muda huo halizibwi tena. Ndipo watu wengi wakaanza kufikiri kuhama mfumo, na wengi wakakimbilia dukani kununua mashine kabla ya kujua wanahamia wapi.

Mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoamka kwanza kompyuta inapowashwa, ambayo huziamrisha programu nyingine zote na kuzigawia nafasi, mfano wa nahodha na mabaharia. Mifumo inayojulikana zaidi kwa kompyuta za mpakato ni mitatu: Windows, macOS, ambao ni wa kompyuta za Apple, na Linux, ambao hutolewa bure kwa majina mbalimbali kama Ubuntu na Mint. Programu iliyoandikwa kwa mmoja aghalabu haifanyi kazi katika mwingine. Lakini barua, picha na sauti zaweza kuhamishwa, mradi mwenyewe ajue anahamisha nini.

Kilichomo ndani ya mashine kuukuu

Na ichukuliwe nyumba moja kwa mfano, kwani nyumba za namna hiyo si haba. Mzee ni mzaliwa wa Kudha aliyekimbilia Mombasa baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991, kama walivyokimbia Wabajuni wengi kwa majahazi na madau. Mwanawe mmoja ni koplo wa polisi. Binti ameolewa Kismayu, ambako mumewe hununua kamba na samaki kutoka visiwani. Mjukuu yuko Uingereza. Katikati yao kuna kompyuta moja ya mpakato, ThinkPad T470 yenye Windows 10, ambayo koplo aliinunua ikiwa imekwisha kutumika na sasa imechakaa pembeni.

Thamani ya mashine hiyo sokoni ni ndogo. Thamani ya vilivyomo ni jambo jingine. Mna daftari la hesabu za samaki la miaka saba. Mna picha za vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, na karatasi za ukimbizi. Mna sauti za bibi mzaa mama, ambaye sasa ni marehemu, akisimulia kwa Kibajuni namna walivyokuwa wakihamia bara kulima mvua ziliponyesha na kurudi kisiwani.

Asiyewajua Wabajuni aweza kuona sauti hizo kuwa kumbukumbu za mapenzi tu. Si hivyo. Huko Uingereza, Wabajuni walioomba hifadhi wamekuwa wakihojiwa juu ya visiwa vyao na kupimwa kwa usemi wao, kwa kuwa wengi hawakuwa na hati ya serikali yoyote ya kuthibitisha wanakotoka. Lahaja yao, iitwayo pia Kitikuu, ina alama zake: mahali ambapo Kiswahili sanifu kina t, mara nyingi Kibajuni huwa na ch, hata tatu ikawa chachu. Mtaalamu wa lugha Derek Nurse, aliyeichunguza lahaja hiyo kwa miaka mingi, aliandika pia juu ya watu wenyewe na visiwa vyao. Basi katika nyumba kama hii, cheti kilichopotea au sauti iliyofutika kwa haraka ya kuhama mfumo haiwezi kununuliwa tena katika duka lolote la Mombasa wala Dubai.

Kwa hiyo kabla ya kutoa shilingi moja, hapana budi kukaa kitako na kuandika katika karatasi vitu vya aina mbili: mafaili ambayo nyumba haiwezi kuyaacha, na programu ambazo kazi haiwezi kwenda bila hizo. Karatasi hiyo ndiyo itakayochagua mfumo. Nao mfumo ndio utakaochagua mashine. Wengi hufanya kinyume, wakavutiwa na kioo cheupe dukani, kisha wakaanza kutafuta namna ya kuyaingiza maisha yao ndani yake.

Ndugu mwenye kazi inayodai programu ya Windows pekee, kama zilivyo programu nyingi za mahesabu na za ofisi, asidanganywe kuhama kwa sababu jirani amehama. Linux haina Microsoft Office ya kuweka ndani ya mashine. Ina LibreOffice, ambayo husoma na kuandika barua za Word vizuri, ila majedwali yenye mitambo mingi ya hesabu yaweza kupindapinda.

Namba ya prosesa

Tuseme karatasi imeamua kwamba nyumba ibaki katika ukoo wa Windows na kuingia Windows 11. Hapo ndipo wanunuzi wa mashine zilizotumika huumia. Windows 11 hudai kumbukumbu ya kazi isiyopungua gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel, isipokuwa chache sana, maana yake ni kuanzia kizazi cha 8. Gigabaiti 4 ni za kuwashia tu. Mwenye kutaka kufanya kazi bila kusubiri na atafute 8, na akiweza 16.

Maduka ya Mombasa na Nairobi yamejaa mashine zilizotoka katika ofisi za Ulaya: ThinkPad, Latitude, EliteBook. Ni mashine imara, na kwa mshahara wa askari mara nyingi ni bora kuliko mashine mpya ya plastiki ya bei ileile. Lakini ThinkPad T470 na T480 zikiwekwa sambamba zafanana kama mapacha, na moja haimo katika orodha ya Windows 11 ilhali nyingine kwa kawaida imo. Hata jina la T480 peke yake lisiaminiwe. Isomwe namba ya prosesa: ikiandikwa i5-7300U, ile 7 inayofuata kistari yaonyesha kizazi cha 7, ikiandikwa i5-8250U, ni cha 8.

“Mama, chukua hii, imeingia juzi tu,” ndivyo muuzaji asemavyo.

“Mwanangu, iwashe kwanza unisomee namba ya prosesa,” ndilo jibu linalofaa.

Muuzaji mwema hatakasirika. Tena iulizwe kama mashine ina nenosiri la awali lililowekwa na ofisi iliyoimiliki, lile linalotokea hata kabla ya mfumo kuamka. Mashine yenye kufuli la namna hiyo ni sanduku la chuma. Kwa kompyuta za Apple hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa mwenye mashine wa kwanza asipojiondoa katika akaunti yake, mnunuzi aweza kujikuta ameshika kitu kizuri kisichofunguka kamwe. Na kibodi nayo itazamwe: mashine nyingi za Ulaya zina herufi za Kiskandinavia, au za Kijerumani, ambapo z na y zimebadilishana mahali. Kosa hilo dogo huudhi kila siku.

Kuhama bila kununua

Kuna njia ambayo wauzaji hawaitangazi sana, nayo ni kuuacha mfumo na kuibakiza mashine. Historia ya Somalia yenyewe ina mfano wake. Mnamo tarehe 21 Oktoba 1972 serikali ya Somalia ilitangaza kwamba Kisomali kitaandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini, baada ya mabishano ya miaka mingi baina ya waliotaka Kiarabu, waliotaka herufi za Kisomali zilizobuniwa nchini, na waliotaka Kilatini. Hadi hapo ofisi za kusini zilikuwa zikitumia Kiitaliano na za kaskazini Kiingereza. Watumishi wa serikali wakapewa miezi michache tu kujifunza, na mwaka 1974 wanafunzi na walimu wakapelekwa mashambani kufundisha umma kusoma.

Mwandiko uliochaguliwa, ambao kazi yake kubwa ilifanywa na Shire Jama Ahmed, haukuwa na herufi hata moja isiyokuwamo katika taipureta za kawaida. Sauti ngeni za Kisomali zilipewa herufi zilizokuwa hazina kazi, kama c na x. Kwa hiyo taipureta zilizoandika Kiitaliano na Kiingereza ziliweza kuandika Kisomali bila kubadilishwa kitufe. Mfumo ulihama, mtambo ukabaki mezani.

Walakini kulikuwa na shehena isiyopakiwa. Wabajuni, kama Waswahili wengine wa pwani, walikuwa na mazoea ya kuandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu. Mtoto aliyesoma shule kwa Kisomali cha Kilatini hakufundishwa kusoma Kibajuni kilichoandikwa na babu yake, na karatasi za namna hiyo zikabaki sandukuni bila msomaji. Mwenye kuhama mfumo wa kompyuta na aikumbuke sehemu hiyo ya pili pia.

Basi ile T470 ya koplo, iliyokataliwa na Windows 11, yaweza kupewa Linux na kuendelea kutumika kwa salama, ikipokea marekebisho mapya bila malipo. Wala hakuna haja ya kuamua kwa kubahatisha. Linux huwekwa katika flashi, kompyuta ikawashwa kwa flashi hiyo, na mtu akaijaribu bila kugusa diski. Katika majaribio hayo na avitazame vitu vinavyosumbua: mtandao usio na waya unashika? Sauti inatoka? Kamera inaona? Mashine inalala inapofunikwa na kuamka inapofunuliwa? Vifaa vya mtandao vya Intel kwa kawaida hukubali mara moja. Vya Broadcom mara nyingi hudai programu ya ziada. Mashine ya kiprinta cha nyumbani nayo ijaribiwe, maana viprinta vina ukaidi wake.

Wala mtu asidhani mambo hayo ni ya wageni tu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na hesabu ambayo amri zake zilikuwa kwa Kiswahili. Wengi walioyazoea maneno ya Kiingereza walicheka, lakini maneno kadhaa yaliyotafutwa wakati ule kwa ajili ya kompyuta leo yamekuwa ya kawaida.

Apple na umeme wa kisiwani

Kuhusu wanaotaka kuingia katika macOS, jambo la kwanza ni kujua kwamba tangu Novemba 2020 Apple wameanza kutumia prosesa zao wenyewe badala ya za Intel. Mashine zao za Intel sasa zauzwa kwa bei ya kuvutia, na sababu ipo: Apple walitangaza kwamba macOS Tahoe, uliotoka Septemba 2025, ndio wa mwisho kuzikubali, tena kwa chache miongoni mwao. Kuhama nyumba nzima ili kuingia katika chumba kinachokaribia kufungwa si busara. Na mwenye kufikiri kwamba ataweka Windows pembeni kwa kujihami ajue kuwa ile njia ya zamani ya kugawa diski, iitwayo Boot Camp, haimo katika mashine zenye prosesa za Apple.

Hata hivyo kwa mtu wa kisiwani MacBook Air ya M1 na zilizofuata zina sifa moja inayostahili kutajwa bila upendeleo. Hazina feni, kwa hiyo hazivuti hewa ya chumvi na mchanga. Nazo hula umeme kidogo. Upande wa pili, kumbukumbu na diski vimeunganishwa na ubao wenyewe. Chumvi ikiula ubao, mafaili yaweza kwenda pamoja nao, na fundi hawezi kuchomoa diski akaitia katika mashine nyingine. Katika ThinkPad ya zamani hufungua skrubu, akaitoa diski, akaiokoa. Kwa nyumba yenye sauti za bibi, jambo hilo lina uzito kuliko wepesi wa mashine.

Umeme wenyewe upigwe hesabu. Kompyuta ya mpakato inayofanya kazi za kuandika hula kiasi cha wati 10 hadi 20. Ikitumika saa 6 kwa wati 15, hula watisaa 90. Paneli ya sola ya wati 100 katika jua zuri la saa 5 hutoa watisaa 500 kwa nadharia, na pungufu yake kwa hakika kwa sababu ya joto, vumbi na nyaya. Inatosha kwa kompyuta, taa na simu, si kwa friji ya samaki. Kinachopoteza umeme ni kuugeuza mara mbili, kutoka betri ya volti 12 kupanda katika inveta, kisha kushuka tena katika chaja. Mashine inayochaji kwa tundu la USB-C, kama ilivyo T480, yaweza kuchajiwa kwa chaja ya gari yenye nguvu ya kutosha moja kwa moja kutoka betri ya volti 12. Kisiwani au katika kambi ya mbali, tundu hilo moja lastahili kuulizwa kabla ya ukubwa wa skrini.

Kuhamisha shehena

Njia ya utulivu ni kuhama programu kabla ya kuhama mfumo. LibreOffice, Firefox na VLC hufanya kazi katika Windows, macOS na Linux. Nyumba ikizitumia mwezi mzima katika mashine kuukuu, kila kero itajitokeza mapema, wakati ambapo njia ya kurudi ingali wazi. VLC husikilizisha hata zile sauti za .amr zilizorekodiwa na simu za zamani, ambazo programu nyingine huzikataa.

Kisha diski ya nje. Yenye umbo la NTFS, ambalo ni la Windows, husomwa na macOS lakini kwa kawaida haiandikiki humo. Umbo la exFAT husomwa na kuandikwa na mifumo yote mitatu. Kubadili umbo hufuta vyote vilivyomo, kwa hiyo diski iwe tupu kabla. Na katika mashine nyingi za Windows diski imefungwa kwa ufunguo wa BitLocker pasipo mwenyewe kujua; ufunguo wake wa tarakimu 48 uandikwe katika karatasi kwanza, kwani diski ikihamishiwa mashine nyingine ndiyo itakayoulizwa.

Majina ya mafaili nayo huleta fitina. Kisiwa hiki kimeandikwa Kudha, Kudhaa, Kuda na hata Kudai. Kile cha jirani ni Chovai kwa Wabajuni na Tovai katika ramani nyingine. Kwa Windows, “Kudha” na “kudha” ni jina moja. Kwa Linux ni mafaili mawili tofauti, na yakirudishwa katika Windows moja laweza kumfunika mwenziwe. Jina lenye nukta mbili, kama la kuandikia saa, halikubaliwi na Windows kabisa. Familia na ichague tahajia moja, iandike tarehe kwa tarakimu mwanzoni, na kazi hiyo ifanywe kabla ya safari.

Koplo ana jukumu jingine juu ya hayo. Nyaraka za kazi hazina ruhusa ya kukaa katika kompyuta ya nyumbani, na zikiwamo ni wajibu wake kufuata amri za kikosi chake kabla hazijanakiliwa kwingine kwa bahati mbaya. Mashine mpya na ifungwe kwa usimbaji wa diski tangu siku ya kwanza, kwa kuwa kompyuta ya mpakato huibwa kwa urahisi ndani ya basi.

Mashine kuukuu isiuzwe wiki ileile. Ikae kabatini miezi mitatu, imefungwa vizuri isipate unyevu, wakati nakala mbili za shehena zikiwa katika diski mbili, moja Mombasa na nyingine Kismayu kwa binti. Yahesabiwe mafaili ya pande zote mbili. Vifunguliwe vyeti, kimoja baada ya kimoja, kwa kuwa picha yaweza kuwa na jina na isiwe na kitu ndani. Mwisho mzee aketi, zisikilizwe sauti zote hadi ukomo wake, hata lile simulizi refu la kulima bara. Bibi akisikika wazi akihesabu na kusema chachu pale ambapo wajukuu wa Mombasa husema tatu, hapo diski ya T470 yaweza kufutwa, na mashine, ikiwa na Linux mpya, ikapelekwa kwa watoto wa shule.